Gaju, Ng'ombe wa Rais wa Chuo

Jumatatu, 12 Januari

Muhula umeanza na theluji. Wanafunzi wangu wa asubuhi wamefika moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, wengine bado wamevaa vizibao vya njano vya ghala, macho mekundu. Josiane Zihindula alilala kwenye dawati kabla sijaandika tarehe ubaoni. Nilimwacha. Mtu anayefunga maboksi usiku kucha na bado anataka kusomea uuguzi, hata usingizi wake nauheshimu.

Tawi letu ni vyumba viwili nyuma ya duka la vyakula la Msomali, South End, karibu na bustani ya Iroquois. Makao makuu ya chuo yako katikati ya Louisville, yana nguzo nyeupe na taa za bustani. Sisi tuna mlango unaokwama. Mimi ni mratibu, maana yake nafundisha, natafsiri, nafagia, na mtu asipofika nampigia simu na kumgombeza.

Leo rais wa chuo mwenyewe alikuja. Daktari Lorraine Haskett, mwanamke mrefu, nywele za kijivu, viatu visivyofaa theluji. Alianza kama mkuu wa kitivo Columbus, akapanda akawa makamu wa rais wa taaluma Buffalo, na huu ni mwaka wake wa pili hapa kama rais. Alikaa katikati ya wanafunzi, akamwuliza kila mmoja jina lake, akalirudia mpaka likamkaa mdomoni. Wakati wa kuondoka aliniambia, "Isimbi, chuo kiko hapa. Kule mjini ni majengo tu."

Nimempenda. Nikisema sikumpenda nitakuwa mwongo.

Jumatano, 14 Januari

Mlango umekwama tena. Tumeingilia dukani, katikati ya magunia ya mchele.

Jumanne, 3 Februari

Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Uvumi wa wiki nzima leo umepata miguu. Bajeti ya chuo imetoboka, na katikati ya Mei bodi ya wadhamini itapiga kura kama tawi letu lifungwe. Haskett ndiye atakayepeleka pendekezo, na bodi kwa kawaida hufuata pendekezo la rais.

Alinipigia mwenyewe. "Niko upande wenu," alisema. Sauti ilikuwa nzuri. Darasa la mjini huanza mchana, saa ambayo watu wangu wamelala ili waamkie ghala. Tawi likifungwa, Josiane atafunga maboksi mpaka mgongo ukatike.

Jioni nilimweleza Papa. Baba yangu huyu, mzee Karaha, alichunga ng'ombe milimani kwetu Kivu ya Kusini, na hapa anasukuma mapaleti ya mizigo ghalani. Yeye na Theogene na wazee wengine wa kanisa wamekodi malisho nje ya mji, upande wa Shelbyville, wanafuga ng'ombe wachache. Ni ng'ombe wa Kimarekani, wanene, pembe hawana, lakini Papa anawaita kwa majina ya kwetu na anawaimbia. Nyumbani tunaongea Kinyamulenge. Papa akihamia Kiswahili ujue jambo limekuwa zito.

Alihamia Kiswahili.

"Bon. Ule mama tutamupa ng'ombe."

"Papa, hapa zawadi kwa mkubwa inaitwa rushwa."

"Corruption inafichwaka. Mi nitamupa mbele ya batu yote, mbele ya pasta. Ulishaona wapi mutu anaficha ng'ombe?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini yeye hakucheka. Kwetu, ukimpa mtu ng'ombe, akapokea na kunywa maziwa yake, mmefungwa pamoja. Hawezi kukufungia mlango, na wewe huwezi kumfungia wako. Papa haoni kama anahonga. Anaona anamtafutia tawi ndugu.

Ijumaa, 20 Februari

Haskett amekubali mwaliko. Nimemwandikia kwamba ni ng'ombe kweli, si picha. Amejibu, "Nitavaa buti!"

Jumamosi, 14 Machi

Matope mpaka vifundoni. Walikuja watu wa kanisa letu na Wakongo wengine wengi wa darasani, pilau mbele, watoto nyuma wakijibu wazazi wao kwa Kiingereza. Papa alivaa suti yake ya harusi na kushika fimbo. Walimleta Gaju, ng'ombe wa kahawia, mtulivu, mwenye mimba. Papa alimsifu kwa mashairi marefu, ukoo wake wote, ukoo ambao ilibidi autunge kwa sababu mama yake Gaju tulimnunua mnadani hapa hapa Kentucky.

Nilimtafsiria Haskett yote. Nilimwambia: ukipokea, umekuwa ndugu, na undugu huu haurudishwi. Aliitikia kwa kichwa namna wakubwa wanavyoitikia wakipewa fulana ya timu. Kisha Theogene akaleta maziwa ya ng'ombe mwingine kwenye kikombe cha mti, yana povu bado. Msaidizi wa Haskett alimkonyeza asinywe. Akanywa yote. Wanawake wakapiga vigelegele, Papa akafuta macho kwa tai.

"Atabaki hapa mnitunzie?" aliuliza.

"Anabaki hapa," nikamtafsiria Papa, "lakini ni wake."

"Njo vile," Papa akasema. "Ng'ombe ya mutu inaweza kulala kwa mutu mwingine."

Siku nzuri. Namwogopea Papa siku nzuri.

Jumapili, 22 Machi

Papa alituma picha kila mahali palipo na mtu wetu. Leo baada ya ibada, shangazi Nyirabeza, dada yake, alinipigia kutoka Buffalo.

"Isimbi, ule muzungu mwenye kushika kikombe, jina yake njo Haskett?"

"Ndiyo, shangazi."

"Aba! Njo yeye alitufungia darasa ya Bailey."

Nilikaa kitandani. Shangazi anakaa mtaa wa Kensington-Bailey, na nilijua aliwahi kusoma huko, lakini siku zote alisema tu "masomo yaliisha". Sasa akafungua moyo. Haskett alikuwa makamu wa rais kule. Alikwenda kwenye darasa lao, akakaa katikati yao, akajifunza majina yao.

"Alitubusu, mwanangu. Alisema, sisi njo chuo yenyewe. Kisha mwezi mbili, mulango kufuli. Mi nilikuwa nimebakiza kozi moja tu."

Maneno yale yale. Nilimwomba asimwambie Papa.

"Nitamwambiaka nini? Yeye amekwisha kutoa ng'ombe."

Alhamisi, 26 Machi, Columbus

Haskett alinialika kwenye mkutano wa wakuu wa vyuo, niseme dakika chache kuhusu tawi. Tumekuja kwa gari lake, yeye anaendesha. Nilingoja hadi tulipovuka mto kuingia Ohio, kisha nikajiambia mficha uchi hazai, nikauliza.

"Uliwafungia watu wa Bailey?"

Hakuuliza nimejuaje. "Ndiyo."

"Na uliwaambia wao ndio chuo?"

"Niliamini nilipokuwa nasema." Akaendesha kidogo. "Huwa naamini, Isimbi. Hiyo ndiyo shida yangu."

Nilitazama mashamba yenye maji. Nilitamani kumtukana, na nilitamani anifafanulie mpaka nisiwe na haja ya kumtukana.

Mchana, baada ya hotuba yangu, watu walipiga makofi. Kwenye ukumbi wa chai mzee mmoja mwenye mkongojo alisimama mbele yetu. Haskett akanyoosha mkono. Mzee akautazama mkono ule, akageuka, akaenda zake. Watu waliona. Haskett aliurudisha mkono mfukoni taratibu.

"Alikuwa anaongoza idara ya lugha," aliniambia baadaye garini. "Niliifunga nilipokuwa mkuu wa kitivo hapa. Bodi ilisema nina ujasiri. Mwaka uliofuata Buffalo wakaniita."

"Na ulipofunga Bailey?"

"Louisville wakaniita."

Nimeandika haya hotelini, mvua inapiga dirisha. Kumbe hiyo ndiyo ngazi. Kila kidato ni mlango wa mtu mwingine. Na sisi ni kidato cha tatu.

Jumatatu, 30 Machi

Mvua. Josiane amepata alama ya juu kuliko wote kwenye mtihani wa anatomia, akacheza akiwa bado na kizibao chake cha ghala.

Jumamosi, 4 Aprili

Mvua. Mto Ohio umepanda, barabara za kando ya maji zimefungwa.

Jumanne, 7 Aprili

Mvua. Papa anauliza, "Ndugu yetu anasema nini juu ya darasa?" Nimemjibu anafikiri. Papa anaridhika. Mimi silali vizuri.

Jumatano, 15 Aprili

Imetoka. Gazeti la mji limeandika kwamba rais wa chuo amepokea ng'ombe kutoka kwa watu wanaosubiri uamuzi wake. Kuna picha, kikombe mdomoni. Redioni walimcheka asubuhi nzima, wakiiga mlio wa ng'ombe. Wanafunzi walisikia wakiwa kwenye mabasi. Hakuna aliyecheka darasani.

Mchana akaniita ofisini kwake, mara yangu ya kwanza kupita zile nguzo. Uso wake ulikuwa umechoka. Alinieleza bila kuzunguka. Mwanasheria wa chuo anataka ng'ombe arudishwe rasmi. Mwenyekiti wa bodi amemwambia kwamba akimrudisha na akapendekeza tawi lifungwe, habari ya zawadi itazikwa. Na kuna chuo kikubwa cha kaskazini kinamtaka mwaka ujao. Wanamtaka akiwa hana doa.

"Kwa nini unaniambia mimi?"

"Kwa sababu nahitaji umwambie baba yako kwamba namrudishia ng'ombe wake. Kwa heshima. Wewe utajua maneno."

"Nilikuambia undugu huu haurudishwi."

"Najua uliniambia."

"Ulisikia?"

Alitazama dirishani. Nilimchukia pale pale, kwenye kiti chake cha ngozi. Nilimchukia kwa sababu alikuwa mkweli na ukweli wake haukumzuia chochote.

Jumamosi, 18 Aprili

Nilingoja Papa amalize kula. Nilimwambia yote kwa mpigo: gazeti, mwanasheria, Buffalo, Bailey, shangazi. Sikubakiza kitu. Mwanamume yule ambaye hupaza sauti hata akiomba chumvi, alisukuma sahani kando polepole. Alisimama, akafungua mlango wa nyuma, akatazama mvua.

Kwetu mtu akirudisha ng'ombe, ni kama amekutemea mate kwenye kikombe. Watoto wenu hawaoani. Mkikutana njiani mmoja anapita kando. Papa alijua hilo, nami nilijua, na yule mwanamke ofisini aliambiwa na hakujua.

"Nyirabeza alijua na alinyamaza?"

"Alisema umekwisha kutoa."

"Alisema kweli." Alifunga mlango. "Donc, ng'ombe haiko kitu ya kutuma mutoto kurudisha. Akitaka kuirudisha, akuje aseme kwa kinywa yake, mbele ya batu yenye waliona akikunywa. Mpaka ile siku, ni ng'ombe yake. Na mi nitaichunga."

"Papa, atatufungia darasa!"

"Ile ni kazi yake. Kazi yangu ni kuchunga."

Nilikasirika hadi nikamwacha mezani. Nilitaka apige kelele, aende redioni, aseme amedanganywa. Badala yake asubuhi alikwenda Shelbyville kuona kama Gaju ana nyasi kavu.

Jumatano, 22 Aprili

Nimempelekea Haskett jibu la Papa. Amesema ana ratiba ngumu.

Jumatano, 29 Aprili

Hajaja.

Jumamosi, 2 Mei

Siku ya mbio kubwa za farasi za kila mwaka. Mji mzima umevaa kofia za maua, nusu ya wanafunzi wangu wako jikoni na kwenye maegesho wakiwahudumia hao wenye kofia. Haskett nilimwona kwenye televisheni, amekaa na mwenyekiti wa bodi, wote wanacheka. Nilizima.

Jumatano, 6 Mei

Gaju amezaa leo alfajiri. Ndama jike, kahawia kama mama. Papa amechelewa kazini kwa mara ya kwanza tangu tufike Amerika. Nilimwuliza kama nimwambie Haskett.

"Hapana. Habari ya ng'ombe inapelekwa na mwenye kuichunga."

Alhamisi, 14 Mei

Nitaandika yote, hata mkono ukiuma.

Mkutano wa bodi ulikuwa ukumbi wa juu, mazulia mazito, maji ya chupa. Wageni waliruhusiwa kusema dakika tatu kila mmoja kabla ya kura. Tulijaa viti vya nyuma. Mlinzi alimnyang'anya Papa fimbo mlangoni, na Papa akamwagiza aishike wima, asiilaze. Mlinzi akaishika wima.

Haskett alikaa karibu na mwenyekiti, pendekezo lake mbele yake, limechapwa. Hakututazama.

Josiane alisema vizuri. Alisema anataka kuwa muuguzi kwa sababu mama yake alikufa kambini bila muuguzi. Mwenyekiti akamshukuru, akatazama saa. Wawili wengine walisema. Wakashukuriwa. Nilikuwa naona jinsi shukrani zile zilivyokuwa zikitusindikiza mlangoni.

Kisha Papa akasimama na kunivuta niende naye nitafsiri. Nilidhani sasa atamwaga, mbele ya wote: undugu, kikombe, Bailey. Nilikuwa tayari kutafsiri kila tusi, na kuongeza yangu.

Alimgeukia Haskett, hakumwangalia mwenyekiti hata kidogo.

"Mama Haskett. Nimekuletea habari ya ng'ombe yako. Gaju amezaa. Ni jike. Mama iko muzima, mutoto iko muzima. Maziwa ni mengi. Siku utakuja, utaikuta. Ni ile tu."

Nilitafsiri. Papa akataka kurudi kukaa.

Mwenyekiti alikunja uso. "Mzee ana maoni yoyote kuhusu tawi?"

"Hapana," Papa alisema. "Nilikuja juu ya ng'ombe."

Haskett alikuwa amemkazia Papa macho, midomo imefunguka kidogo. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa hasira. Hasira anaijua, amekutana nayo Columbus na Buffalo, ana mahali pa kuiweka. Hii hakuwa na mahali pa kuiweka.

Alipopewa nafasi aliligeuza pendekezo lake kifudifudi.

"Columbus nilifunga idara ya lugha," alisema, "nikapandishwa cheo. Buffalo nilifunga darasa la mtaa wa Bailey, nikapandishwa cheo. Hili niliandika wiki iliyopita. Linasema tufunge South End. Naliondoa. Pendekezo langu ni libaki."

Alikuwa ameandika tufunge! Wiki iliyopita, Gaju akiwa anazaa. Nilimtazama Papa nione kama ameelewa. Alikuwa ameelewa, akatazama mbele.

Mwenyekiti aliinama kwenye kipaza sauti. "Na yule ng'ombe, Daktari Haskett, umekwisha kumrudisha?"

"Hapana."

"Una mpango wa kumrudisha?"

"Hapana. Ni wangu."

Walibishana. Mmoja wa wadhamini, mama mzee aliyekuwa akisinzia, aliuliza kama ndama ana jina. Kura ilipita kwa mtu mmoja zaidi: tawi linabaki kwa miaka miwili. Kisha sisi tukatolewa nje, wakafunga mlango, na Haskett akabaki ndani nao.

Mlinzi alikuwa bado ameishika fimbo wima.

Jumamosi, 16 Mei

Wametangaza. Haskett anaondoka mwisho wa Juni, "kwa makubaliano". Kile chuo cha kaskazini nacho, nasikia, hakimpigii tena.

Jumapili, 17 Mei

Kanisani walicheza mpaka mchana. Nilimpigia shangazi Nyirabeza nikidhani atafurahi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Donc anajuaka kuacha mulango wazi."

"Ndiyo, shangazi."

"Basi ya kwetu? Sisi Bailey hatukuwa na ng'ombe ya kumupa, njo maana?"

Nimeliandika swali lake hapa kama alivyolisema.

Jumamosi, 23 Mei

Haskett alikuja malishoni, peke yake, buti za kweli safari hii. Papa alimpa maziwa ya Gaju. Sikuona aibu kumharibia siku: nilimwambia alichosema shangazi, neno kwa neno. Aliacha kunywa. Akaniuliza kama ningemsindikiza Buffalo.

Papa alisema, "Aende. Lakini ajue Nyirabeza haiko mi."

Jumamosi, 6 Juni, Buffalo

Shangazi anakaa ghorofa ya juu, nyumba ya mbao, hatua chache kutoka Bailey Avenue. Tulipita mahali palipokuwa darasa. Sasa wanatengeneza simu. Haskett alisimamisha gari, akapatazama, akaendelea.

Shangazi alikuwa ametoka kazini, hospitali, anakofua mashuka ya wagonjwa. Hakuwa amevua kilemba cha kazi. Alitufungulia, akanikumbatia, akamwonyesha Haskett kiti kwa kidevu.

Haskett hakuzunguka. Alisema, "Nilijifunza jina lako, Nyirabeza, kisha nikakufungia mlango. Ulibakiza kozi moja. Samahani." Nilitafsiri. Alisema pia kwamba anamjua mtu kwenye chuo kingine hapa, na kozi ile inaweza kumaliziwa, na yeye atafuatilia. Nilitafsiri hilo nalo, taratibu, kwa sababu nilijua ameahidi mengi katika maisha yake na ameyaamini yote.

Shangazi alikwenda jikoni. Tulisikia friji ikifunguka, ikifungwa, kisha bomba la maji.

Alirudi na sinia. Aliweka mbele yangu kikombe cha maziwa. Akaweka mbele yake kikombe cha maziwa. Mbele ya Haskett akaweka glasi ya maji.

Haskett alivitazama vile vitatu. Mwezi wa tatu asingeona kitu. Leo aliona, na shingo ikamwiva nyekundu kwa aibu. Akachukua glasi, akanywa maji yote, akaiweka chini.

"Mwambie ile ni maji," shangazi alisema.

"Anajua, shangazi."

"Bon." Alipangusa mdomo kwa ncha ya kilemba. "Mwambie arudi mwezi wa nane. Kama ile kozi itakuwa iko, tutaona kama maziwa nayo itakuwa iko."

Nilimtafsiria. Haskett akatoa simu yake, akafungua kalenda na kuuliza Agosti tarehe gani.